Boaz Murunga na Gari Lililozima Njiani Kutoka Kianda

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998, Mzee Boaz Murunga anastaafu baada ya kuyatunza magari ya zahanati yetu ya Kawangware kwa miaka ishirini na minne.

Alipoajiriwa tulikuwa na gari moja kuukuu. Kila asubuhi alilisemesha kwa Kiluhya kabla ya kutusalimu sisi wenzake, nalo liliwaka.

Mwaka 1995 tukanunua gari jipya la wagonjwa, lenye kompyuta ndani. Tulilishangilia! Ila kila baada ya wiki mbili hivi lilizima lenyewe, kisha likawaka tena baada ya dakika kumi. Waliotuuzia walisema ndivyo yalivyo magari ya siku hizi. Bwana Mutunga, mkuu wetu wa usafiri, akaridhika. Murunga, kwa shingo upande, akatia sahihi kwamba linafaa kubeba wagonjwa.

Machi iliyofuata likazima njiani kutoka Kianda, kule Kibera, ndani yake Mama Adhis akiwa na uchungu wa kujifungua. Muuguzi Magdaline Aketch alimzalisha humo humo, saa nne asubuhi, wauza mboga wakiziba madirisha kwa leso zao. Tunashukuru mtoto alilia vizuri. Murunga alifika mbio na lile gari kuukuu, akatazama, akasema tu, "Sahihi ni yangu."

Kesho yake alikataa kutoa ufunguo wa gari jipya.

"Mzee, hakuna gari haizimangi," Mutunga alilalamika. "Mara moja kwa wiki mbili si mbaya."

"Kwa mtu wa kwenda soko, sawa. Mama wa uchungu atangoja nini?"

Siku kumi na moja alilizungusha hilo gari kati ya kituo cha Kawangware 56 na Kibera, injini ikichemka, mpaka akakipata kiungo cha waya kilichokuwa kikiachana kila kilipopata joto. Alikichomelea upya. Halijazima tena na mgonjwa ndani, na Mutunga mwenyewe ndiye aliyemwomba aandike kanuni za ukaguzi tunazozifuata leo.

Jumatatu anapanga kulala hadi saa tatu. Mkewe, Mama Immaculate, anasema ataamini akiona.

Asante sana, Mzee Murunga. Wengi walifika hospitalini salama bila hata kulijua jina lako. Pumzika vyema, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya furaha nyumbani Butere.