Mikono ya Fundi Azizi wa Taa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Singida Mjini, Manyoni, Iguguno na kokote mnakotusikia, kama una chungu jikoni kiipue kwanza, halafu rudi ukae. Leo nina msiba wa kueleza. Na ndani ya msiba huo nina kosa langu mwenyewe. Mimi ni Fabiano Njiku, sauti yangu mmeizoea kwa utani. Leo utani haupo.

Tunamkumbuka Abdulazizi Mselemu. Wengi mlimwita Fundi Azizi wa Taa. Amefariki Jumatano ya wiki iliyopita, nyumbani kwake hapa mjini, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Ameacha mke, Bi Hajira, na binti mmoja, Kudra. Nasema tena kwa aliyechelewa kuwasha redio: Abdulazizi Mselemu, Fundi Azizi wa Taa, hatunaye.

Alitengeneza taa za neoni. Siyo hizi nyuzi za plastiki unazonunua zikiwa tayari kwenye boksi. Neoni ni mrija wa kioo. Unaupasha kwenye moto wa gesi mpaka ulegee, unaupinda kwa mikono yako, na mdomoni umeng'ata mpira mwembamba, unapuliza polepole ili mrija usibonyee. Ukizubaa kidogo tu umeharibu. Ukimaliza unavuta hewa yote iliyomo, unaingiza gesi, unaunganisha umeme, na kile kioo kinawaka chenyewe. Kazi hiyo inataka mikono iliyotulia. Mikono iliyotulia, wasikilizaji. Shikeni hapo.

Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, akataka kijana ashike mita na mkasi. Kijana akaenda Dar es Salaam, akajifunza neoni kwa miaka saba. Aliporudi alishuka garimoshi Manyoni na mirija yake imeviringishwa kwenye magodoro. Kutoka Manyoni mpaka Singida, juu ya lori, ikavunjika kumi na moja. Alikuwa akinisimulia hayo huku akicheka mpaka machozi.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Hakukubali kukuandikia bango mpaka uandike wewe mwenyewe kwa mkono wako, kwenye karatasi. Mama Cecilia, anayeuza chakula pale sokoni, anakumbuka vizuri.

"Nilimwambia, fundi, mimi mwandiko wangu mbaya, niandikie wewe. Akakataa. Akasema, ugali unasonga wewe, na mwandiko uwe wako. Nikaandika Karibu, herufi zimelala kama zina usingizi. Akazipinda hivyo hivyo zilivyolala! Watu walikuja kuangalia mwandiko wangu unawaka bluu. Mimi niliyeishia darasa la nne."

Bluu. Hiyo ndiyo rangi aliyoipenda. Mwaka 2017 alitengeneza kazi kubwa akaiita Upepo, mirija arobaini ya bluu, yote imeinama upande mmoja. Ikapelekwa kwenye maonyesho Dar es Salaam. Mtu wa Singida akiitazama hahitaji kuelezwa.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Taa nyekundu inataka gesi tu. Taa ya bluu aliyoitengeneza yeye inataka pia tone la zebaki ndani ya mrija. Zebaki ile ile ambayo wachimbaji wetu wadogo wanashikia dhahabu. Fundi Azizi alijua kwamba zebaki ni sumu ukiimeza. Hakujua kwamba inakwenda na hewa, haina harufu, na unaivuta bila habari.

Na upepo wa huku kwetu mnaujua. Moto wa fundi haukutaka upepo hata kidogo, kioo kinapoa upande mmoja kinapasuka. Sasa yeye akafanya nini? Akapigilia mbao dirisha la chumba chake cha kazi. Akaziba nyufa kwa magunia ya alizeti. Mlangoni akatundika blanketi. Fundi wa Dar hangefanya hivyo, kule joto lingemtoa mbio. Huku kwetu kila mtu aliona ni akili. Hata mimi nilimsifu. Mirija ilivunjika humo, zebaki ikamwagika, ikaingia kwenye nyufa za sakafu, na jiko la gesi linawaka siku nzima. Alikaa kwenye chumba hicho miaka kumi na tano.

Bi Hajira anasema ilianza na kikombe.

"Chai ilikuwa inamwagika kabla haijafika mdomoni. Halafu akawa na hasira, yeye ambaye hakuwahi kunifokea. Anafoka, halafu analia kama mtoto. Fizi zinatoka damu. Anasahau. Nikamuuliza, baba Kudra, una nini? Akasema, sijui, mama Kudra, mikono hainisikii."

Mtu anatetemeka, anafoka, anayumba. Mji mzima ukajua jibu. Pombe. Mwislamu, mtoto wa watu wa heshima, anakunywa kwa kujificha. Ndiyo maana amejifungia, watu walisema. Ndiyo maana ameziba dirisha.

Mwaka 2021 Kudra akaolewa. Nilikuwepo. Mnajua taratibu za ndoa ya Kiislamu: baba wa binti anakaa mbele ya bwana harusi, wanashikana mikono, anamuozesha. Fundi Azizi akanyoosha mkono. Ukatetemeka mpaka kanzu yote ikatikisika. Wazee wa upande wa pili wakatazamana. Kaka yake mkubwa, Mzee Salehe, akamshika bega, akamwambia mbele ya watu, "Azizi, nyanyuka. Hutamuozesha mtoto ukiwa katika hali hiyo. Umetuaibisha vya kutosha."

Akanyanyuka. Akasema, "Shikamoo kaka," sauti ya chini kabisa, akatoka nje. Ndoa ya binti yake wa pekee aliisikilizia barazani, kwenye viatu vya wageni. Nilimwona na nikapita.

Na haikuishia hapo. Wiki ile ile, kwenye kipindi changu cha asubuhi, nikasema hivi: "Ukitaka jina lako liandikwe kwa herufi za kutetemeka, nenda kwa Fundi Azizi, ila mwahi kabla hajapita kilabuni." Mkacheka. Mlinitumia ujumbe wa kunipongeza. Siku ya pili akaja hapa redioni kwa miguu. Akasema, "Bwana Fabiano, nimekusikia. Mimi sinywi." Nikamwambia, "Aa fundi, utani tu huo, usiweke moyoni." Akaondoka.

Mwaka jana akakutana na daktari kijana, Daktari Theodora, aliyewahi kufanya kazi karibu na machimbo ya dhahabu. Alimwona akishindwa kufunga kifungo cha shati. Hakumuuliza habari ya pombe. Alimuuliza, "Shikamoo baba. Unafanya kazi na zebaki?" Mkojo ukapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi. Ni zebaki. Imeingia kwenye mishipa ya fahamu, na figo zimeshachoka. Akamwambia ukweli, kwamba wamechelewa.

Bi Hajira anasema mumewe hakuulizia siku zilizobaki. Alimwomba daktari kitu kimoja tu: amwandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kwamba ugonjwa huu si pombe. Akaipeleka kwenye duka la fotokopi ikawekewa plastiki. Akaanza kuzunguka nayo. Akaenda sokoni. Akasimama nje ya msikiti. Mtu anayeyumba, anakuonyesha karatasi huku mkono unacheza, nani anasoma? Walimwambia, haya fundi, tumeiona, nenda kapumzike. Mzee Salehe aliisoma yote, akamrudishia tu. Baada ya hapo fundi akaacha hapa getini nakala yenye jina langu. Mlinzi akanipa. Niliitia kwenye droo. Nilidhani analeta malalamiko kuhusu ule utani.

Ilikaa humo wiki tisa. Niliisoma siku tuliyotoka kumzika.

Inasema: "Abdulazizi Mselemu anaumwa kwa sumu ya zebaki aliyoivuta kazini. Kutetemeka kwake hakutokani na ulevi." Nasoma tena. Kutetemeka kwake hakutokani na ulevi. Sentensi mbili, wasikilizaji. Nusu dakika ya redio. Ndicho alichokitaka kwangu, na angekisikia akiwa hai. Naona aibu, na sitaki mnitumie ujumbe wa kunifariji.

Bi Hajira, pole sana. Mzee Salehe, pole, na wewe najua hulali. Ndugu wote wa ukoo wa Mselemu, poleni. Mungu amrehemu. Nanyi mnaonisikiliza, kabla hujamtangaza mtu, muulize anafanya kazi gani, na anaifanyia wapi. Kisha kaa kimya usikilize jibu.

Jana nilikwenda kuhani. Kudra aliniletea chai. Hamjui kwamba tangu amalize kidato cha nne alikuwa msaidizi wa baba yake, kwenye chumba kile kile, yeye ndiye aliyefagia sakafu. Kikombe kikagonga sahani njia nzima mpaka kunifikia. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Na huyu naye ameshaanza?"

Kudra alisikia. Akaweka chai chini, akaniambia, "Mjomba, baba unamsemea ameshakufa. Mimi nisemee nikiwa hai."

Basi nasema, na yeye mwenyewe ameniruhusu. Kudra binti Abdulazizi ana miaka ishirini na sita. Hanywi pombe. Anaumwa. Jumatatu anaanza matibabu, na mtamwona akipita njiani anatetemeka.