Mwalimu Plaki na Mtu Aliyeshika Ngazi

Familia ilipokaa juzi chini ya turubai hapa Mulongwe, Uvira, iliagiza kwamba wasifu wa Mwalimu Libérat Nizigama uwe mfupi, uwe mtamu, na usimguse mtu. Kazi ya kuuandika na kuusoma ilipewa dada yake mdogo, Georgette. Utakuwa mfupi kadiri miaka sitini na saba inavyoruhusu. Kwa hayo mengine mawili, familia ingetafuta msomaji mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Nyakabere, kwenye uwanda wa Ruzizi, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ndihokubwayo, mkulima wa mihogo, na mama Fanny. Kaka yake Norbert, Yaya kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, alikuwa amemtangulia kwa miaka mitatu. Wavulana hao walilala mkeka mmoja na kula sahani moja, na mama yao alikuwa akisema kwamba ukimchapa mmoja, wote wawili wanalia. Hilo liandikwe, maana litahitajika huko chini. Libérat hakuwa mtoto rahisi. Aliuliza maswali mpaka wageni wakakumbuka kwamba wana safari.

Alianza shule ya msingi Lubarika mwaka 1963, akaendelea na sekondari hapa Uvira, na mwaka 1976 akapata diploma ya taifa. Kati ya 1978 na 1981 alisoma jiografia huko Bukavu. Huko ndiko alikofundishwa kwamba uso wa dunia umevunjika vipande vikubwa, mabamba, au plaki kama alivyoyaita maisha yake yote, na kwamba vipande hivyo vinasogea polepole juu ya mwamba wa moto. Mabara yaliyokuwa pamoja yaliachana, na Afrika yenyewe inaendelea kuchanika kwenye mstari wa maziwa yetu. Alirudi likizo na habari hiyo akashindwa hata kula. Baba yake alikuwa anamenya muhogo.

"Papa, hii inchi iko inatembea."

"Inaenda wapi?"

"Ile ya kule Burundi iko inaenda mashariki. Siye tunabakia huku. Ziwa liko mu ule mupasuko wa katikati."

Mzee hakuinua macho. "Kama iko inatembea, itembee na mihogo yake. Weye shika kisu."

Kuanzia Septemba 1982 mpaka alipostaafu, Juni 2020, marehemu alifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Mulongwe. Somo la mabamba alilifundisha kwa sufuria ya uji. Aliuacha upoe mpaka uji ushike ngozi juu, kisha akawasha makaa chini. Uji ulipoanza kuchemka, ngozi ilipasuka vipande, vingine vikaachana na vingine vikapandana, na wanafunzi wakaambiwa wachore wanachokiona. Baada ya kuchora waliunywa, na ndiyo maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugua siku ya somo lile. Wao ndio waliompa jina la Mwalimu Plaki. Alikuwa pia mtu wa kuchosha, tusidanganyane. Akialikwa harusini, alisalimia kuta kabla ya maharusi, kutafuta nyufa. Watu walimuuliza siku zote tetemeko litakuja lini, naye akajibu: "Mwenye kukupatia tarehe, mukimbie."

Kuna jambo jingine alilowafundisha, na waliokuwa darasani kwake watalikumbuka. Miamba miwili inayosukumana hushikana na kunyamaza miaka mingi, mpaka watu wanasahau na kujenga juu yake. Muda wote huo nguvu inajikusanya ndani. Siku miamba inapoachiana, ndipo nyumba zinaanguka.

Tarehe 9 Agosti 1986 marehemu alifunga ndoa na Élisabeth, na ndoa hiyo nusura ifie mezani. Siku ya kwenda kujitambulisha, mzee André, baba wa binti, aliuliza bwana harusi anafundisha kitu gani. Libérat alichukua tonge la bugali kwenye sahani yake, akalivuta polepole kwa mikono miwili. Katikati likawa jembamba, likabonyea, likaanza kupasuka. "Hapa palipobonyea ndipo ziwa letu," akasema. Wazee wakaacha kula. Mtu mzima anachezea chakula mbele ya wakwe, na mahari bado haijaongelewa. Hapo Norbert, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, akanyoosha mkono, akachukua nusu ya tonge lile na kulila.

"Bamukwe, mutusamehe," akasema. "Kwetu tunakulaka inchi nzima namna hii."

Mzee André alicheka mpaka akafuta machozi, na binti akatolewa. Yaani Norbert alijua kusema. Hakuna anayeweza kudai kwamba mdomo ulimpungukia.

Tarehe 5 Desemba 2005, mchana, ardhi ilitikisika chini ya ziwa, na ukuta wa nyuma wa kanisa ambako familia hii ilikuwa ikisali ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Marehemu aliwaambia wazee wa kanisa wauvunje. Wazee walisema wangeangalia kwanza. Basi na yeye akaamua waangalie vizuri: alichukua vipande vya kioo akavikaza juu ya ufa kwa simenti, ili ukuta ukisogea kioo kivunjike na mabishano yaishe. Simenti tupu ilikuwa inabanduka. Marehemu alijua kwamba mafundi wa zamani walichanganya nywele za mbuzi ili ishike, ila mbuzi hakuwa naye, hivyo akaenda kwa kinyozi wa barabarani akaomba nywele zilizofagiliwa. Norbert, aliyekuwa shemasi wa kanisa hilohilo, ndiye aliyechanganya. Ndiye pia aliyeshika ngazi.

"Mudogo, hizi nywele za nini?" aliuliza.

Akaelezwa. Akazikanda kwa mikono yake mwenyewe huku anatania kwamba sasa kanisa litahitaji kuchanwa. Kioo kilivunjika kabla ya Pasaka. Libérat akarudi kwa wazee, na wazee wakasema wataitisha kikao.

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, ardhi ilitikisika tena na sehemu ya ukuta ule ikaangukia kwaya ya watoto. Msichana mmoja, Vanessa, alivunjika mguu. Waliokuwa wanaondoa matofali waliokota vipande vya simenti, na ndani yake wakaona nywele za watu na vioo. Nani hapa Uvira anahitaji kuelezwa walifikiri nini? Nywele za watu ndani ya ukuta wa kanisa, na aliyeziweka ni yuleyule anayetangaza kwamba inchi inatembea. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Mwalimu Plaki ni mchawi, analilisha ziwa watu ili ardhi itikisike.

Aliitwa mbele ya wazee. Alieleza habari ya kioo, ya simenti na ya kinyozi, nao wakamsikiliza kama mtu anayekiri. Mwishoni wakamuuliza alikuwa na nani siku ile. Libérat alimtazama kaka yake, aliyekaa upande wa wazee, akanyamaza. Baadaye Élisabeth alimgombeza sana kwa kunyamaza kule. Libérat alijibu kwamba mtu aliyekula naye sahani moja hangoji kuitwa.

Basi wazee wenyewe wakamgeukia Norbert.

"Shemasi, weye ulijua?"

"Minye sikujua kitu."

Ni hayo tu aliyoyasema. Yule msemaji aliyeokoa harusi kwa tonge la bugali alishindwa kusema kwamba alishika ngazi. Marehemu alitengwa na kanisa. Paa lake lilipigwa mawe, meza ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, ya Élisabeth sokoni ikakosa mnunuzi, na watoto wao wakaitwa watoto wa mtikisaji. Wazazi wengine walihamisha watoto wao shule ili wasifundishwe naye. Mwaka uliofuata Norbert alipandishwa kutoka shemasi kuwa mzee wa kanisa, na ukuta mpya ulipozinduliwa ndiye aliyekata utepe.

Marehemu hakuhama. Alisema kama inchi yenyewe inachukua muda wake, na yeye ana muda. Kila Mwaka Mpya alienda kumsalimia kaka yake, akapewa soda, akainywa akimtazama, akarudi nyumbani. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020 na kuibeba nyumba yake, kuna waliosema hadharani kwamba Mungu amejibu. Baadhi yao wako hapa leo na wamevaa vitambaa vyeupe vya msiba. Nyumba nyingi za wacha Mungu zilikwenda na maji hayohayo, lakini kwa hizo Mungu hakuonekana kuwa na la kusema.

Kuanzia mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na sukari, kisha figo. Mwezi wa Julai 2024 alilazwa. Wiki ya mwisho Norbert alikuja na machungwa, akasali sala ndefu, kisha akasema: "Mudogo, minye naomba musamaha kwa yote."

"Yote ni nini?" Libérat aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo. "Sema ile moja."

"Mambo ya zamani hayo, ndugu. Pumuzika."

"Yaya Norbert. Ni nani alishika ngazi?"

Norbert alitazama mlango. "Ukipona tutaongea," alisema, akamenya chungwa ambalo mgonjwa hakuruhusiwa kula. Élisabeth na Georgette walikuwa pembeni ya kitanda na waliyasikia yote. Libérat aligeukia ukutani, na aliyemwona uso wake siku ile hatakuwa na upole wa kusoma wasifu mtamu. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Agosti 2024, saa tatu asubuhi. Hakupona, kwa hiyo hawakuongea.

Leo kanisa lililomtenga limeleta kwaya mbili na viti vya plastiki, na limetuma neno kwamba yaliyopita yamepita. Vanessa, yuleyule aliyevunjika mguu, alikuja msibani siku ya kwanza na kukaa upande wa familia bila kuombwa. Norbert amepewa kiti cha mbele. Kikao cha familia kilidai jina lake litangulie katika orodha ya ndugu waliobaki, kwa kuwa kaka mkubwa ni kaka mkubwa hata akikosea. Georgette alikataa kuliandika. Walibishana mpaka sauti zikakauka, na kutajwa kwake humu juu ni kwa sababu hii hadithi haina namna ya kupita pembeni yake. Kuhesabiwa kati ya wafiwa ni jambo jingine. Mwishowe waliamua kumuuliza mjane.

Élisabeth hakulia alipojibu. "Muache nafasi yake," alisema. "Jina atalileta yeye mwenyewe."

Marehemu ameacha mjane, Élisabeth, watoto, Espoir, Josée na Shalom, wajukuu watano, dada yake mdogo, Georgette, wanafunzi wote waliokunywa uji wake, na kaka yake mkubwa,..............................., aliyeshika ngazi.

Nafasi hiyo si kosa la mchapaji. Kaburi bado liko wazi, na wenye majembe wameombwa wangoje kidogo. Kaka wa marehemu akisimama sasa na kusema kwa mdomo wake, mbele ya wazee waleyale, "Minye nilishika ngazi," kila mtu achukue kalamu aandike jina lake kwenye karatasi ya wasifu aliyonayo mkononi. Asiposimama, tutazika hivihivi, na karatasi mtaenda nazo nyumbani zikiwa na nafasi tupu.

Mwalimu alale kwa amani, amemaliza kungoja. Sisi ndio tunaongoja, Yaya.