Jina la Hashi Langare

Tangu basi litoke Modogashe, mwalimu aliyeketi mbele yangu alikuwa akimlalamikia mama wa Kisomali asiyemjua, aliyepakata mtungi wa maziwa ya ngamia. Mwalimu aliitwa Muema, mtu wa Ukambani. Mama alisema anaitwa Rahmo.

"Kwenye mkutano wa wazazi, nikamwita Hashi Langare, yaani Hashi anayechechemea. Soko zima linamwita hivyo. Watu wakacheka. Sasa amemtoa mtoto wake shuleni, na mimi nimeitwa Garissa kujieleza. Siku hizi watu wanakasirika haraka."

Rahmo alikuwa akitazama nje, ingawa nje hakukuwa na kitu. "Mwalimu, siku Hashi alivunjika mguu, sisi ndio tulimbeba kutoka kisimani. Ndio tukamwita Langare. Wewe umekaa na sisi mihula miwili."

"Kwa hiyo utani una wenyewe?"

"Walahi, unao."

"Utani ni utani, mama." Hiyo ilikuwa mara ya nne, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imechoka kusema hivyo.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha polisi. Tukashuka na vitambulisho mkononi, kama kawaida. Askari akautazama mtungi. "Mama, hayo ni maziwa au bomu?"

Muema akacheka. Kisha akatazama foleni nzima na kuona kwamba anacheka peke yake.

"Cheka tu, mwalimu," Rahmo alisema, akifungua mtungi ili askari anuse. "Mimi bado sijakasirika."