Tuliitwa Kuimba

Kwenye basi la kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza mzee wa pembeni yake jinsi kiwanda chao cha kubangua korosho kilivyofungwa.

"Serikali ilipandisha ushuru wa korosho ghafi zinazopelekwa nje, ili zibanguliwe hapahapa. Wanunuzi wa kigeni wakasusia mnada. Basi ushuru ukafutwa, korosho zote zikaondoka na maganda yake, sisi tukaambiwa turudi nyumbani."

"Pole, mwanangu," alisema mzee, mkulima wa korosho kutoka Chiola. "Lakini mimi ulipofutwa nilishukuru. Waliposusa, korosho zangu ziliota ukungu ghalani, na mke wangu alikuwa amelazwa hospitali."

"Kwa hiyo ni sawa mimi nikose kazi, mzee wangu?"

"Sijasema ni sawa. Nasema nisingeweza kusubiri."

Mama alitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, weusi ambao hautoki kwa sabuni.

"Kwenye kikao cha kufuta ushuru mliitwa?" mzee aliuliza. "Maana sisi wakulima tulisikia redioni."

"Tuliitwa. Tulivalishwa kanga mpya, tukapangwa mlangoni, tukawaimbia wageni. Walipokwisha kuingia, mlango ukafungwa."

Basi lilipokata kona ya kuingia stendi, mama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na mama kule hospitali, alipona?"

Mzee alitikisa kichwa kuashiria hapana. Kondakta akatutangazia kwamba tumefika salama.