Mama Aliyeandika Kimya

Ndugu, jamaa na marafiki, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi kifungua mimba wake, kuwasomea safari ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Neno kwa Neno.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza sekondari mwaka 1972, akajiunga na chuo cha uhazili, akahitimu hatimkato, yale maandishi ya haraka ya alama, na tarehe 6 Januari 1975 akaajiriwa kuandika kumbukumbu za kesi katika mahakama ya wilaya, chumba namba tatu, chenye feni iliyozunguka ilipojisikia.

Tarehe 21 Julai 1979 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, na baba alizoea kulalamika kwamba hajawahi kushinda ubishi nyumbani, kwa kuwa mkewe alikumbuka kila alichosema juzi.

Mwaka 1987 mama alikosea, na tangu zamani aliniagiza kosa hilo lisomwe siku kama ya leo. Mlinzi mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi aliulizwa kama funguo zilikuwa zake, akainamisha kichwa, hakujibu, na mama alipokuwa akipiga chapa kumbukumbu zile akajaza pengo kwa neno “Ndiyo”, ili ukurasa ukae vizuri, na mlinzi akafungwa miaka mitatu. Miezi saba baadaye, akipanga madaftari yake ya hatimkato, aliona pale pa jibu hapakuwa na alama yoyote, akaenda mwenyewe kuapa hati ya kiapo dhidi yake mwenyewe, rufaa ikasikilizwa, mlinzi akaachiwa, na mama akashushwa cheo.

Kuanzia mwaka 1996 hadi alipostaafu mwaka 2014 aliwafundisha waandishi wapya wa mahakama, akiwaambia kwamba mtuhumiwa, mshtakiwa na mfungwa ni watu watatu hata wakiwa mtu mmoja, kwamba aliyepewa dhamana hajashinda kesi, na kwamba shahidi asipojibu wasimsaidie, waandike: “Shahidi yuko kimya.” Hata majirani walioleta umbea aliwakatiza, akisema huo ni ushahidi wa kuambiwa, ingawa alisogeza kiti asikie vizuri.

Tarehe 28 Agosti 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa wodi ya wanawake, akawa anasema maneno machache, maji, dirisha, asante. Mimi, ambaye kwa miaka sita sikukanyaga kwake kwa ugomvi niliouanzisha mwenyewe, nilifika tarehe 7 Septemba, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba msamaha, akanitazama kwa muda mrefu, na Jumanne, tarehe 9, saa kumi na moja alfajiri, akafariki.

Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani waliotupikia, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi wake, ambao naona wengine wameshika kalamu hata hapa.

Mama mdogo, kwa kunihurumia, amenisihi niandike kwamba dada yake aliitikia kwa kichwa. Natamani sana iwe hivyo, na inaniuma, lakini mimi nilikuwepo, na mama alinifundisha.

Niliuliza kama amenisamehe. Shahidi alikuwa kimya.

Pumzika, mama, kwa amani. Nimeandika ulivyotaka.