Siku Niliyofungua Kilemba Chome

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tunaoogopa kushika kipaza sauti. Nimeandika ushuhuda wangu kwenye karatasi, kwa sababu bila karatasi nitajisahihisha kila sentensi na tutakosa chakula cha mchana. Wengi mnanijua. Naitwa Nakiete, nakaa hapa Same na mama yangu mdogo, nyuma ya soko. Nilihitimu chuo, nikarudi nyumbani, na bado natafuta kazi.

Ndugu zangu, Mungu amenitoa kwenye woga. Ametumia sindano, damu yangu mwenyewe na wembe wa shangazi yangu.

Nilipokuwa chuoni nilipenda rasta za kubana. Msusi akiniuliza kama zinauma, nilimwambia abane tu. Zikivuta hadi nyusi zinapanda, ndipo nilijiona nimependeza. Mwaka wa mwisho nywele za pembeni zilianza kukatika, kisha utosini pakawa peupe. Nikaficha kwa wigi la kubandika na gundi. Gundi nayo ikaondoka na zile zilizokuwa zimebaki. Nikarudi Same sina kazi, sina nywele, na upepo wa Same hauhitaji kuelezwa.

Mtu anayewaza sana kama mimi hawezi kuwa na tatizo moja. Nilijiuliza: nikiitwa kwenye usaili na wigi likasogea, watasemaje? Watasema huyu anadanganya kichwani, basi na vyeti vyake vikaguliwe upya. Nikipata mchumba, nimwambie lini? Nikimwambia mapema atakimbia, nikichelewa ataniita mwongo. Dereva wa bodaboda akinipa helmeti niliogopa itatoka na wigi, nikamwambia napenda mazoezi, nikatembea juani hadi kituo cha mabasi.

Kisha ikaja siku ambayo mchungaji aliwaita mbele vijana wasio na kazi ili awawekee mikono na kuwaombea. Wenzangu wote walikwenda. Mimi nilibaki kwenye benchi, nimeshika Biblia kana kwamba natafuta fungu. Niliwaza mkono wa mchungaji ukitua kichwani, wigi likiteleza, na kwaya nzima ikiniangalia. Niliwaona wenzangu wamepiga magoti wanalia, na mimi nalia kwenye benchi, ila kwa sababu nyingine.

Tulipofika nyumbani mama mdogo aliuliza, "Wewe umeshapata kazi?"

"Hapana, mama mdogo."

"Mbona hukwenda mbele?"

Nikamwambia ukweli. Alinitazama, akaweka sufuria chini. "Yaani umemkimbia Mungu kwa ajili ya wigi?"

Nilidhani atanicheka. Aliliondoa lile wigi yeye mwenyewe, taratibu, akaona. Wiki hiyo hiyo alinipeleka hospitali, na kutoka hapo tukaelekezwa kwa daktari wa ngozi huko Moshi, mama mmoja asiye na maneno mengi.

Daktari alinipima damu, akaniangalia kichwa kwa kioo cha kukuza, akaniambia, "Mizizi mingine imelala, mingine imekufa. Iliyolala naweza kujaribu kuiamsha. Kufufua si kazi yangu." Akanieleza tiba wanayoiita PRP. Wanachukua damu yako mkononi, wanaiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Damu nyekundu inashuka chini, juu yanabaki maji ya rangi kama ya asali, yenye zile chembe zinazofunga kidonda ukijikata. Maji hayo ndiyo wanayokudunga kichwani, mahali ambapo nywele zimepungua. Alisema wazi kwamba kuna watu inawasaidia, kuna inaowasaidia kidogo, na kuna wasiopata kitu. Na rasta na gundi, niache.

Mimi mtu wa kuwaza! Nilisoma kwenye simu hadi macho yakauma. Nikajiuliza kama ni sawa damu kutoka na kurudi. Nikajiuliza kama kwenda kwa daktari ni kukosa imani, na nywele zikiota sifa apewe nani, Mungu au mashine. Nikampigia mama yangu kule Chome, kijijini kwetu milimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia habari zako kwa mdogo wangu. Hebu rudia, damu inazungushwa?"

"Ndiyo, mama. Kwenye mashine."

"Kama maziwa kwenye kibuyu?"

"Karibu hivyo. Inajitenga."

"Na Mungu unayemwomba, hiyo damu aliitengeneza nani?"

"Yeye."

"Basi usimsumbue na maswali. Nenda. Ila waambie siagi wakuachie."

Nilikwenda, ndugu zangu. Siwezi kusema haikuuma. Sindano za kichwani zinauma, na niliomba kwa sauti hadi nesi akawa ananiitikia amina. Baada ya muda nikarudi tena. Daktari alinionyesha picha ya kwanza na ya pili, akasema kuna vinywele vinatoka. Mimi nilitazama nikasema ni mwanga wa taa. Nilikuwa nimeacha wigi, lakini nilihamia kwenye kilemba. Nilikifunga chumbani nimejifungia mlango, na hata mama mdogo sikumruhusu kuingia. Kichwa kilikuwa kimeanza kupona, moyo bado.

Halafu bibi yangu, mama yake baba, akafariki kule Chome. Tulipanda kwenye mvua, gari likakwama tukalisukuma, tukafika tumejaa tope. Tukamzika vizuri, kwa nyimbo. Lakini ukoo wetu una desturi. Siku ya kuanua matanga, watoto na wajukuu wananyolewa. Siku hizi anayetaka hunyolewa kidogo tu pembeni iwe ishara, anayetaka hunyolewa chote. Lakini kidogo au chote, kilemba lazima kifunguliwe. Na anayenyoa ni shangazi yangu mkubwa, uani, mbele ya ukoo mzima.

Wajukuu tulipanga mstari. Kila nilipokaribia, nilimpisha mtu aliye nyuma yangu. Nikitoka, nimemkosea heshima bibi aliyenilea. Nikikaa, wote wataona, na vile vinywele vichache, kama kweli vipo, vitaondoka na wembe. Nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe, mahali pekee penye mtandao, nikampigia daktari.

"Daktari, wakininyoa si nitarudi mwanzo?"

"Wembe unakata kilicho juu ya ngozi," akasema. "Sisi tunatibu mzizi, na mzizi uko chini. Wembe uwe safi, basi. Pole na msiba."

Nikabaki sina kisingizio. Nilisimama pale na ng'ombe wananitazama, nikaomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilisema, "Bwana, nimechoka kujificha." Nikarudi, nikakaa kwenye kigoda.

Shangazi alifungua kilemba. Nikafumba macho.

"Nani kakufanyia hivi?" akauliza shangazi.

"Mimi mwenyewe, shangazi. Rasta."

Ndipo binamu yangu Elineema akasema kutoka kwenye mstari, "Kumbe! Na sisi tulikuwa tunasema huyu anaturingia na vilemba vya mjini."

Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine, na mimi mwenyewe nikacheka, msibani, machozi yakinitoka. Ndugu zangu, nilikuwa nimeuogopa mchana ule kwa miaka, na ulipofika ulikuwa na watu wangu tu ndani yake.

Shangazi akalowesha mkono, akapitisha vidole utosini, kisha akavirudisha palepale. "Hapa si upara," akasema. "Hapa panakwaruza. Kuna kitu kinatoka." Picha za daktari nilizibishia. Vidole vya shangazi sikuweza kuvibishia. "Haya, mjukuu wa mama yangu, kidogo au chote?"

"Chote, shangazi."

Nilishuka Same na kipara, katikati ya binamu zangu wenye vipara. Nywele zao zilipoanza kuota, na zangu zikaota. Pembeni pamejaa vizuri. Utosini pamejaa sehemu kubwa, ila kuna mahali padogo pamebaki wazi, na daktari hajui kama patajaa. Nami sijui. Kazi pia sijapata, na bado nawaza sana. Lakini leo nimesimama mbele yenu kichwa wazi, na mnaniona.

Namshukuru Mungu aliyeiumba damu na akawapa watu akili ya kuitumia. Namshukuru mama mdogo, mama, shangazi na daktari wangu. Simwambii mtu kwamba tiba hii itamfaa, hilo amwulize daktari. Ninayeweza kumshuhudia ni Mungu, ambaye alikuwa ameshakiona kichwa changu siku zote nilipokuwa nakificha.

Na kama kuna dada hapa anayejifungia mlango ili afunge kilemba, nakusihi, mtafute mtu mmoja anayekupenda umfungulie wiki hii. Mwamini Mungu kwa hilo tu kwanza. Mimi nilisubiri hadi msiba. Wewe usisubiri.