Zabuni Isiahirishwe kwa Ajili Yangu

Sikilizeni wanangu, na wewe mdogo wangu hapo dirishani sogeza kiti, maana sauti yangu imekuwa nyembamba na sitaki mtu aje kusema hakusikia. Leo nimelala vizuri, uji nimemaliza, roho yangu kwatu, kwa hiyo hizo sura za msibani ziwekeni kwanza.

Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na atakayetaka kuuza amwulize mwenzake kwanza. Cherehani apewe jirani wa ghorofa ya juu, ambaye ameiazima mpaka mwenyewe kasahau kuwa ni yangu. Mali imeisha hapo. Kubwa ni hili la kazi.

Mmekua mkiniona narudi na vidole vimejaa wino, mkaniita Mama Muhuri kabla hata ya wenzangu wa ofisini. Mnajua nilikuta nini nilipopewa kitengo cha zabuni: kila kampuni ya mafuta na gesi ilikuwa na nyaraka zake za zabuni, vali ileile ya bomba lilelile ikiulizwa hivi huku na vile kule, huyu akitaka sahihi kila ukurasa, yule mwishoni tu, na karakana ndogo zikichoka na makaratasi kabla hazijawasha mashine. Mjomba wenu huyu hapo dirishani, akiuza vali za karakana yake, alinakili zabuni aliyowapelekea washindani wetu, akasahau kubadilisha jina, nami mbele ya wazabuni wote nikafungua bahasha yake na kusoma kwa sauti kwamba anaahidi kuitumikia kwa uaminifu kampuni ambayo siyo sisi. Watu walivunjika mbavu. Zabuni ikatupwa, naye akakata mguu hapa nyumbani. Hata kwenye harusi yako, binti yangu Bosi, alikaa meza ya mwisho, akala, akaondoka bila kuniaga. Alitaka nimfichie. Sikumfichia, na leo ningesoma vilevile. Cheka tu, ndugu yangu, ulininunia vya kutosha.

Lakini kampuni zilipokubali kukaa pamoja tutunge nyaraka za aina moja kwa wote, nilimfuata karakanani, nikakaa juu ya pipa, nikamwambia anionyeshe kila swali lililomtoa jasho. Akanionyesha, huku ananung'unika, na mengi tuliyoyafuta ni yale aliyoyagusa kwa kidole chake chenye grisi. Tangu hapo vali inaulizwa kwa maneno yaleyale kila mahali, na karakana ambazo zamani zisingethubutu kubisha hodi zinashindana na wakubwa. Nafurahi sana nikikumbuka hilo, wanangu. Nafurahi kuliko nilivyofurahia nyumba hii.

Sasa, juzi mlidhani nimesinzia. Wewe Fundi, ambaye mjomba wako amekukabidhi karakana, ulimwambia dada yako aliyerithi kiti changu cha ofisini, "Dada, ongeza kamstari kamoja tu, kwamba vali zijaribiwe kwa mtambo kama ule wetu, ambao wengine hawana. Nani atajua?" Na wewe Bosi ukanyamaza. Ukimya ule ndio ulionifanya niwaite. Sijakasirika, najua mafundi wako wamekaa bila kazi na wana watoto, na kazi hii ikikupita huenda ukafunga milango. Lakini ukiweka mstari wako leo, kesho kila kampuni itaweka wa kwake, makaratasi yatavimba kama zamani, na mjomba wa mtu mwingine atakaa mahali akitokwa jasho.

Bosi, usiongeze. Waambie wenzako kwamba mmoja wa wazabuni ni mdogo wako, na siku ya tathmini utoke chumbani, ukae nje kwenye benchi na wageni. Fundi, jaza kama wanavyojaza wengine, upeleke mwenyewe, utumbukize kwenye sanduku la zabuni watu wakiona. Ukishindwa, uliza ulipopungukiwa, urekebishe, urudi tena. Vali zenu ni nzuri. Ziacheni zijisemee.

Nipeni maji... Asante. Yatosha.

Leteni mikono, mmoja huku, mwingine huku. Mungu awape kazi mtakayoweza kuisimulia bila kushusha sauti. Mshindane na watu mkale nao. Mkigombana, iwe kwa mchana mmoja tu... Nimewapenda, na nimeridhika nanyi. Nawe mdogo wangu, kabla kijana hajafunga bahasha... mwangalizie jina la kampuni. Jina tu.

Sanduku linafunguliwa Alhamisi asubuhi. Nikiondoka kabla, mtu atasema zabuni iahirishwe, mama yao amefariki. Isiahirishwe. Wamo watakaotoka mbali na bahasha zao, na sijawahi kumsubirisha mzabuni hata mmoja. Bosi, ufute machozi, ukafungue sanduku, usome majina yote kwa sauti. Mkimaliza, njooni mnizike.

Mimi... nitawasubiri.